Kusasisha Kompyuta ya Pampu Bila Kukausha Mifereji

Mwaka 2024 wakazi wengi wa Kakamega walisasisha mtambo wa umeme kwa mikono yao wenyewe, ingawa wachache wangeliita zoezi lile kwa jina hilo. Kampuni ya Kenya Power iliwataka wateja wenye mita za tokeni wazibadilishe kabla ya Novemba 24 mwaka huo. Aliyenunua umeme alitumiwa mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kubadilisha mita, na la tatu ndilo lililobeba umeme. Aliyeyaingiza kwa mpangilio alimaliza kwa dakika chache. Aliyeruka moja kwa moja hadi la tatu aliona mita ikimkatalia, akaanza kumpigia simu mwenye nyumba.

Chanzo kilikuwa hesabu. Kila tokeni hubeba nambari inayoonyesha ni dakika ngapi zimepita tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengewa nambari hiyo hutosha dakika 16,777,216 pekee. Dakika hizo zilikuwa zinakwisha siku hiyo ya Novemba. Mita ambayo haikubadilishwa haikuharibika. Ilikosa tu uwezo wa kupokea tokeni mpya.

Katika mitambo ya maji, viwanda vya sukari, hospitali na majengo yenye lifti, kazi ya jinsi hiyo hufanywa kwenye kompyuta ambazo mwananchi hazioni kamwe. Mita ya nyumbani ikigoma, nyumba moja hukaa gizani. Kompyuta ya pampu ikigoma, mtaa mzima hubeba mitungi. Ndiyo maana mkazi anapotangaziwa kwamba maji yatapotea kwa saa kadhaa kwa sababu ya "matengenezo ya mfumo", ana haki ya kujua ni nini hasa kinachotengenezwa, na kwa nini kinachukua muda wote huo.

Kompyuta yenyewe

Mafundi huiita PLC. Zile za kawaida ni kisanduku kisichozidi sana ukubwa wa mkate, kilichofungwa ndani ya kabati la chuma karibu na pampu. Upande mmoja huingia nyaya kutoka kwa vihisi vinavyopima kiasi cha maji tangini, presha ya bomba na kasi ya mtiririko. Upande wa pili hutoka nyaya za kuamuru: washa pampu, funga vali, ongeza klorini. Kisanduku hicho husoma, huamua na kuamuru mara nyingi katika kila sekunde, usiku na mchana, na si ajabu kukikuta kikifanya kazi hiyo hiyo kwa miaka 15 au 20. PLC za kwanza zilitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya kampuni ya magari ya General Motors, iliyokuwa imechoka kufumua nyaya na kuzifunga upya kila muundo mpya wa gari ulipoanza kutengenezwa.

Ndani ya kisanduku mna programu za aina mbili. Ya kwanza huitwa famuwea. Hiyo hutoka kwa mtengenezaji, na ndiyo inayokifanya kisanduku kijue kusoma nyaya zake, kuzungumza na kompyuta nyingine na kulinda nenosiri. Ya pili ni programu ya kazi, iliyoandikwa na mhandisi aliyefunga mtambo: tangi likishuka hadi robo, washa pampu ya kwanza, likijaa, izime, tope likiongezeka, ongeza shabu. Famuwea ni mpishi anayejua kuwasha jiko na kusoma. Programu ya kazi ni karatasi inayomwambia leo kuna wageni mia mbili na chakula ni saa saba. Kusasisha famuwea ni kumbadilisha mpishi. Kwa baadhi ya visanduku, mpishi wa zamani huondoka na karatasi yake.

Kwa nini iguswe

Mafundi wazee wana msemo wao kwamba kinachofanya kazi kisiguswe, na mara nyingi hawakosei. Lakini mambo yamebadilika tangu pampu zilipoanza kuunganishwa na intaneti ili msimamizi aone hali ya tangi akiwa ofisini au kwenye simu yake.

Novemba 25, 2023, katika mji mdogo wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wafanyakazi wa mamlaka ya maji walikuta skrini ya kituo kimoja cha kuongeza presha imejaa ujumbe wa wadukuzi. PLC ya kituo hicho, iliyotengenezwa na kampuni ya Unitronics, ilikuwa imevamiwa. Wafanyakazi waliizima, wakaendesha pampu kwa mkono, na maji hayakukatika. Uchunguzi wa serikali ya Marekani kuhusu mashambulizi ya aina hiyo ulionyesha kwamba vifaa vilivyolengwa vilikuwa wazi kwenye intaneti, vingi vikiwa bado na nenosiri la kiwandani: 1111.

Muda mfupi baadaye wadukuzi waligusa mradi mdogo wa maji wa kijijini katika eneo la Erris, magharibi mwa Ireland. Huko hawakubahatika. Kaya zipatazo 180 zilikaa bila maji kwa siku mbili. Ule haukuwa mji mkubwa wala mtambo wa kijeshi. Ulikuwa mradi wa wanakijiji wenyewe, wa aina ambayo msomaji wa Malava au Khwisero anaweza kuitambua kwa urahisi.

Baada ya visa hivyo mtengenezaji alitoa toleo jipya la programu linalomlazimisha mtumiaji kubadilisha nenosiri la kiwandani. Hapo ndipo faida ya kusasisha inapoonekana: tundu lililojulikana linazibwa.

Upande wa pili wa mizani nao una ushahidi. Desemba 23, 2015, wadukuzi waliwakatia umeme wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine. Baada ya kufungua swichi kwa mbali, waliandika famuwea mbovu juu ya ile nzuri katika vifaa vya mawasiliano vya vituo vya umeme, vikawa mfano wa matofali. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kwenda vituoni na kufunga swichi kwa mkono. Na Julai 19, 2024, bila mdukuzi yeyote kuhusika, sasisho moja bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani na kukwamisha ndege na hospitali. Sasisho lile lilitoka kwa mwenye bidhaa mwenyewe, kwa nia njema kabisa.

Kwa hivyo swali la kwanza si kama kuna toleo jipya. Swali ni toleo hilo linatatua nini, na je, tatizo hilo linaugusa mtambo wetu? Taarifa ya mtengenezaji inayoambatana na kila toleo hujibu hilo, na ni lazima isomwe hadi mwisho. Kama tundu linalozibwa hufikiwa kupitia intaneti pekee, na pampu haina haja ya kuwa kwenye intaneti, dawa ya haraka zaidi ni kuchomoa waya au laini ya simu iliyomo kwenye modemu. Hilo hufanyika leo. Famuwea inaweza kusubiri msimu unaofaa.

Msimu na saa

Miongozo mingi ya ng'ambo hushauri kazi hii ifanywe usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Kakamega ina hali yake. Mito ya Nzoia, Lusumu, Isiukhu na Yala hubadilika rangi ndani ya saa chache mvua kubwa ikinyesha juu yake, na maji yenye tope jingi huhitaji kipimo tofauti cha shabu. Wakati kompyuta imezimwa, kipimo hicho hurekebishwa na mtu anayetazama chupa ya maji na kugeuza vali. Kazi hiyo ni nyepesi Januari au Februari, maji yanapokuwa hayabadilikibadiliki. Katikati ya Aprili ni kubahatisha.

Ndani ya siku pia kuna saa nzuri na saa mbaya. Alfajiri kila nyumba inachota. Alasiri mawingu hujikusanya, radi huanza, na kila mkazi wa Kakamega anajua kinachoufuata umeme wa angani ni kupotea kwa umeme wa nyumbani. Usiku fundi akikwama hapati duka la vipuri lililo wazi wala mtu wa kumpigia. Kinachobaki ni kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana, matangi yakiwa yamejazwa tangu usiku na wakazi wakiwa wameambiwa mapema wahifadhi maji.

Umeme ndio unaostahili hofu kubwa kuliko yote. Famuwea inapoandikwa, ile ya zamani hufutwa kwanza. Umeme ukikatika katikati, kisanduku huweza kubaki bila ya zamani wala mpya, na baadhi ya aina hazifufuki tena ila kwa kurudishwa kiwandani. Nchi hii haina haja ya kukumbushwa kwamba umeme hupotea. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na taifa zima likaingia gizani, na Agosti 25, 2023 giza lilirudi tena kwa saa nyingi, mara hii bila tumbili. Kwa hiyo PLC hulishwa na kifaa cha betri, UPS, kilichopimwa siku hiyo hiyo na si mwaka jana. Laptopu ya fundi nayo huchomekwa humo humo, ikiwa imezuiwa isijizime wala kuanza kujisasisha yenyewe kazi ikiendelea. Mawasiliano kati ya laptopu na kisanduku hupita kwenye waya. Wi-Fi ni ya kusomea magazeti.

Kabla ya kubonyeza

Siku kadhaa kabla, fundi huandika aina kamili ya kisanduku, toleo la umbo lake na toleo la famuwea iliyomo. Visanduku viwili vyenye jina moja na sura moja vinaweza kuwa vya vizazi tofauti, na famuwea ya kimoja isikifae kingine.

Kisha huchukua nakala ya akiba. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Nakala iliyo kwenye laptopu ya mhandisi aliyefunga mtambo miaka mitano iliyopita si nakala ya mtambo wa leo, kwa sababu tangu siku hiyo kuna mtu aliyebadilisha kiwango cha klorini, mwingine akaongeza kihisi, na hakuna aliyeandika popote. Nakala inayofaa ni ile inayovutwa kutoka ndani ya PLC yenyewe, pamoja na viwango vyote vilivyowekwa, anwani zake za mtandao na mipangilio ya skrini. Huhifadhiwa mahali pawili, na angalau pamoja pasiwe kwenye mtandao. Famuwea ya zamani nayo hutafutwa na kuwekwa tayari, kwa kuwa toleo jipya likileta shida, kurudi nyuma ndiyo njia ya kujiokoa. Kama mtengenezaji amesema kurudi nyuma hakuwezekani, hilo lijulikane kabla, maana mlango huo ukishafungwa umefungwa.

Famuwea mpya hupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji pekee. Faili lililopokewa kwa WhatsApp kutoka kwa rafiki wa fundi, au lililokuja kwenye flashi isiyojulikana ilikotoka, halifai hata likiwa na jina sahihi. Watengenezaji wengi huchapisha alama ya utambulisho ya kila faili, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Faili likibadilishwa hata herufi moja, alama hubadilika. Kulinganisha alama hizo huchukua dakika mbili. Na kama kuna PLC ya akiba stoo, ya aina ile ile, sasisho hujaribiwa kwake kwanza. Kituo kisicho na PLC ya akiba kinapaswa kujiuliza kitafanyaje siku radi itakapoipiga iliyopo, hata bila habari za famuwea.

Dakika zenyewe

Kuandika famuwea mara nyingi huchukua dakika chache tu. Saa zinazotangazwa kwa wananchi ni za yale yanayotangulia na yanayofuata. Kabla ya kuanza, pampu huhamishiwa kwenye swichi za mkono, kwani PLC inapoacha kazi amri zake zote hukatika: pampu husimama, na vali hufunguka au kujifunga kulingana na zilivyoundwa. Pampu za dawa huzimwa au kushikwa na mtu. Wafanyakazi wawili huwa pale, mmoja kwenye laptopu na mwingine kwenye mtambo, wakiwa na simu zenye salio na maelewano ya nani anasema "simama".

Baada ya kisanduku kuwaka tena huanza sehemu inayohitaji subira. Toleo hukaguliwa kama ndilo. Programu ya kazi hurudishwa na kulinganishwa na nakala. Saa ya ndani husomwa, kwa sababu ikirudi kwenye mwaka wa kiwandani, ratiba ya usiku itafuatwa mchana. Kisha kila waya hujaribiwa, mmoja baada ya mwingine.

Mfano mmoja unaonyesha kwa nini. Kihisi cha tangi huleta habari kwa mkondo mdogo wa umeme: miliampea 4 maana yake tangi ni tupu, miliampea 20 limejaa. Tangi likiwa nusu, mkondo ni miliampea 12. Ikiwa mpangilio umefutika na kisanduku sasa kinahesabu kuanzia sifuri badala ya 4, miliampea hizo hizo 12 kitazisoma kama asilimia 60. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Tangi likiwa tupu kabisa, kisanduku kitaamini limebaki asilimia 20, na kama pampu imeagizwa kuwaka likishuka chini ya hapo, haitawaka. Wa kwanza kujua ni mama aliyefungua mfereji asubuhi.

Kosa la namna hiyo kwenye klorini ni baya zaidi, kwa kuwa halionekani mferejini. Shirika la Afya Duniani hushauri klorini inayobaki kwenye maji yanapomfikia mtumiaji isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kiwango kikirudi sifuri, maji yataendelea kutoka, safi kwa macho. Kwa hiyo kipimo cha klorini baada ya kusasisha huchukuliwa kwa kifaa cha mkononi, kwenye maji yenyewe, wala hakisomwi kwenye skrini tu. Hurudiwa baada ya saa kadhaa na tena kesho yake.

Jambo la mwisho kwenye kabati ni ufunguo. PLC nyingi zina swichi ya ufunguo yenye nafasi ya kuendesha na nafasi ya kuandika programu. Mwaka 2017 wadukuzi walipovamia mitambo ya usalama ya kiwanda kimoja cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia, walifaulu kupandikiza programu yao kwa sababu swichi hiyo ilikuwa imeachwa kwenye nafasi ya kuandika. Ufunguo hugeuzwa, hutolewa, na hutiwa saini kwenye daftari. Nenosiri nalo hubadilishwa.

Miradi ya vijijini

Kamati nyingi za maji za vijijini hazina PLC kubwa, lakini pampu ya sola kwenye kisima mara nyingi huwa na kidhibiti chake, nacho kina famuwea. Hapo tishio la karibu si mdukuzi wa ng'ambo. Ni fundi aliyeondoka na nakala ya pekee na nenosiri, kisha akabadilisha nambari ya simu. Kamati inaweza kujikinga kwa kuandika masharti kwenye mkataba kabla ya malipo ya mwisho: nakala ya programu, nenosiri na michoro ya nyaya vikabidhiwe, na mwanakamati mmoja aonyeshwe jinsi ya kuendesha pampu kwa mkono. Fundi akisema anaweza "kuingia" kwenye pampu akiwa Nairobi, aulizwe anaingia kwa njia gani, na nani mwingine anaweza kuipita.

Huduma za maji ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na maji safi na salama ya kutosha ni haki ya kila mtu chini ya Kifungu cha 43. Mkazi anayetaka kujua kwa nini maji yalikatika anaweza kuuliza kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na ofisi ya umma inapaswa kuamua ombi lake ndani ya siku 21. Kuingilia mtambo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na hilo linamhusu pia mfanyakazi wa zamani aliyebaki na nenosiri.

Siku ya kazi yenyewe, mkazi ajaze mitungi jioni iliyotangulia na kufunga mifereji yote kabla ya kutoka, isije ikafurika nyumba maji yakirudi. Maji ya kwanza yakija na rangi, yaachwe yatiririke kwenye ndoo ya kufulia hadi yaonekane safi. Yakiwa na harufu kali ya klorini isiyo ya kawaida, au yakiendelea kuwa na rangi hadi kesho yake, ofisi ya maji ipigiwe na iambiwe saa na mahali, maana habari hizo mbili humwelekeza fundi kwenye tangi lenye shida.

Kwenye kituo, mafundi hubandika karatasi ndani ya mlango wa kabati. Ina tarehe, toleo la zamani na jipya, kipimo cha klorini kabla na baada, mahali nakala zilipo, na majina mawili. Fundi atakayefungua mlango huo miaka minane ijayo, pengine akiwa bado shuleni leo, ataisoma hiyo kwanza.